Bima ya Kumpiga Mwizi Risasi

Katika Waburundi wote wa Minto, kitongoji cha Sydney, Elvire ndiye mtu wa mwisho ambaye ungemdhania kuwa na bunduki. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya, mtunza wazee kwa kazi, na mtu ambaye baluni likipasuka kwenye sherehe ya mtoto hujikuta yuko chini ya meza kabla hajaamua kwenda huko.

Lakini Australia ni nchi ya fursa. Kampuni iliyomwajiri ilimpangia mzee mmoja wa Campbelltown aitwaye Patrick, fundi bomba mstaafu ambaye miguu yake ilikuwa imegoma na mdomo wake haujawahi kugoma. Mpango wake wa huduma ulisema kwamba kila Jumamosi apelekwe "kwenye shughuli za kijamii". Elvire alidhani ni bingo. Kumbe ilikuwa klabu ya kulenga shabaha, nje kabisa ya mji, ambako wazee wenye vizibo masikioni hurusha visahani vya udongo angani kwa mashine, huvifyatulia marisau, kisha hunywa chai kwa utulivu kama watu waliotoka kuzika jirani.

Miezi ya mwanzo Elvire alikaa ndani ya gari, vioo amepandisha, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kushindana na milio. Patrick alivumilia hadi siku moja akagonga kioo kwa fimbo.

"Unalipwa kunitunza mimi au kulitunza gari?"

Akashuka. Jumamosi iliyofuata akasogea. Baadaye akashika mikoba ya marisau, na baadaye tena, kwa kuwa bega la Patrick lilikuwa limeanza kumsaliti na mzee hakutaka wenzake wajue, akaishika bunduki yenyewe mbele ya mwalimu wa klabu. Akafyatua. Kisahani kikapita zake salama. Hata hivyo Elvire aligundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: ukiwa upande huu wa bunduki, kelele ni ndogo.

Hapo ndipo alipoipenda. Akasoma kozi, akajaza fomu, akasubiri, akajaza nyingine, akasubiri tena. Fundi akaja kufunga sefu ya chuma kwenye ukuta wa gereji, na kasha jingine la risasi lenye ufunguo wake wa pekee. Patrick akamuuzia bunduki yake ya zamani kupitia dukani, na karatasi zote, maana ukimpa mtunzaji wako zawadi ya namna hiyo kampuni itataka kujua mlikuwa mnatunzana vipi.

Mwalimu wa klabu alimwonya jambo moja tu, nalo akalirudia kama katekisimu. "Sheria ya hapa inataka sababu. Michezo ni sababu. Kuwinda sungura shambani kwa mtu ni sababu. Kujilinda si sababu. Ukisema unataka bunduki ya kujilinda, hupati. Ukiwa nayo tayari ukasema hivyo, wanakuja kuichukua."

Elvire aliona hilo ndilo jambo la busara kuliko yote aliyowahi kuambiwa na serikali yoyote, na alikuwa ameishi chini ya serikali za kutosha.

Kanisani habari zilipokelewa kwa upendo wa Kikristo, yaani kila mtu alizijua kabla ya sadaka kukusanywa. Kina mama wengine walimwombea. Wengine walimwita pembeni kumuuliza kama anafundisha. Na shemasi Lazare akaona mlango wa biashara umefunguka.

Lazare alikuwa mtu mwema ambaye hakuwahi kukutana na kitu asichoweza kumuuzia mwenzake. Aliwahi kuuza mashine za kuchuja maji katika mji ambao maji ya bomba hayana shida. Aliwahi kuuza chai ya kusafisha ini. Aliwahi kuuza viwanja vya mahali ambapo, kwa maelezo yake mwenyewe, bado hapajachorwa. Kila mara alianza kwa sala. Jumapili hiyo, katika ukumbi wa shule ambao kanisa lao hukodi, alimfuata Elvire na kikombe cha chai mkononi na uso wa mtu aliyeletewa maono.

"Mama Ineza, Mungu amekupa silaha. Je, amekupa avoka?"

"Avoka? Wakili wa nini, shemasi?"

"Mwizi akiingia kwako, utafanyaje? Utampiga. Sawa. Halafu? Polisi watakuja, watakushika wewe. Mahakama, wakili, miaka. Mtoto nani atamlea?" Akashusha sauti. "Kuna asiransi, yaani bima. Inatoka Amerika. Ukimpiga mwizi risasi, wao wanaleta wakili, wanalipa kila kitu. Wewe unakaa nyumbani unakula ugali wako."

"Na mwizi?"

Lazare alifikiri. "Mwizi hana asiransi."

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Elvire alicheka akaenda zake. Alicheka, lakini hakwenda mbali. Nyumba mbili kutoka kwake wezi walikuwa wamevunja dirisha mwezi uliopita na kuondoka na televisheni, na tangu hapo alikuwa akizungusha ufunguo wa mlango kisha anarudi kuuzungusha tena. Ila ukweli ni kwamba hakumwogopa sana mwizi. Mwizi angekuta sufuria, Biblia mbili na televisheni ambayo hata Ineza, binti yake, aliionea aibu. Alichoogopa ni yatakayokuja baada ya mwizi: chumba chenye meza, watu watatu wenye suti, na yeye amekaa upande wa pili na lafudhi yake, mwanamke mweusi mwenye bunduki, akiombwa aeleze tena taratibu. Alikuwa ameshakaa kwenye vyumba vya namna hiyo katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, akiulizwa tarehe ya kuzaliwa ya kila ndugu aliyekufa. Wakati ule kosa lake lilikuwa kukimbia bunduki. Sasa anayo yake, na alijua maswali hayatapungua.

Basi akampigia kaka yake Balthazar, aliyepangiwa Texas wakati yeye anapangiwa Sydney. Balthazar alikuwa amegeuka Mmarekani kwa kasi iliyowashangaza hata Wamarekani. Alionekana kwenye simu akiwa amevaa kofia pana, amekaa ndani ya gari kubwa kama darasa.

"Huna asiransi?" alishangaa kana kwamba ameambiwa dada yake hana figo. "Elvire! Mimi ninayo tangu siku ya kwanza. Kadi iko hapa kwenye pochi, bastola iko pale mlangoni mwa gari."

"Umeshawahi kumpiga mtu?"

"La, Mungu apishe mbali!"

"Umeshawahi kuingiliwa na mwizi?"

"Hapana. Unaona inavyofanya kazi?"

Elvire alikata simu akiwa hajapata jibu ila amepata wazo kwamba watu wote wenye akili wana kadi. Jumatano, asubuhi kabla ya zamu yake, Lazare akafika nyumbani na kompyuta, na kwa kuwa kampuni ilikuwa ng'ambo wakapiga simu ya bure ya mtandao. Ineza, mwenye umri wa miaka kumi na saba na hakika ya mambo yote, alikaa mezani na bakuli la nafaka ili atafsiri pale Kiingereza cha Amerika kitakapokuwa kikavu mno. Mwanamke mwenye sauti ya asali akapokea.

Akauliza kwanza bunduki inakaa wapi. Elvire akaeleza: ndani ya sefu, sefu imefungwa kwa bolti ukutani, gerejini.

"Sawa kabisa. Na inakaa imejazwa risasi?"

"Hapana. Risasi ziko kwenye kasha jingine."

"Karibu na kitanda?"

"Gerejini pia. Ufunguo wake uko mahali pengine. Ndiyo sheria."

Yule mwanamke alikuwa na karatasi ya maswali, na karatasi haikuwa imewahi kukutana na sheria za New South Wales, jimbo la Elvire. "Kwa hiyo mvamizi akiingia chumbani kwako, utachukua hatua gani?"

Elvire alilifikiria swali kwa uaminifu, kama alivyofundishwa kufikiria maswali yote ya maofisa. "Nitamwomba apishe nipite. Nitakwenda kutafuta ufunguo wa kwanza. Nitatoka nje, nitafungua gereji, mlango wake unakwama. Nitatoa bunduki. Nitarudi ndani kutafuta ufunguo wa pili. Kama bado hajamaliza kuiba, nitamkuta."

Ineza alipaliwa na maziwa. Lazare akamkemea kwa macho ya ibada. Yule mwanamke akasema, kwa asali ileile, kwamba kila mteja ana mazingira yake, na sasa lililobaki ni kuweka alama chini ya tamko moja dogo: kwamba mteja anamiliki silaha kwa ajili ya kujilinda yeye na familia yake.

"Weka tu," alinong'ona Lazare. "Ni kialama."

Ineza alisema kitu kwa Kiingereza, upesi, macho yakiwa kwenye bakuli: kwamba je, hicho si ndicho kitu chenyewe ambacho mama alikatazwa kukisema? Elvire aliondoa kidole kwenye kompyuta kama aliyegusa jiko. Akamwambia yule mwanamke asante, atafikiria. Alipokata, Lazare alikuwa ameshaanza kueleza kwamba kufikiria ni sawa na kukubali, tofauti ni muda tu.

Siku hiyohiyo akiwa anamkata Patrick kucha za miguu, alimsimulia. Mzee alicheka hadi kucha ikakatika vibaya.

"Hebu nielewe. Unawalipa Wamarekani ili wakutetee, na wao, kabla ya kukutetea, wanataka uandike kwa mkono wako sababu ya kukunyang'anya leseni?"

"Ndivyo."

"Na ukinyang'anywa leseni, bima ni ya nini?"

"Shemasi hakufika huko."

"Elvire," alisema Patrick, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu akawa hana mzaha, "ukitaka wakili siku moja, utatafuta wakili. Hiyo karatasi iache."

Akaiacha. Jioni alimwandikia Lazare kwamba amekataa, kwa heshima zote, Mungu ambariki. Lazare akajibu kwa mikono miwili iliyofumbatana, ambayo yaweza kuwa sala na yaweza kuwa shukrani. Elvire akalala vizuri. Mambo yangeishia hapo laiti shemasi angekuwa mtu wa kupoteza mteja kwa sababu ndogo kama mteja kukataa.

Kwani Lazare, tangu ile Jumapili, alikuwa ameshatayarisha tangazo. Lilikuwa na picha ya Elvire klabuni, bunduki begani, jicho moja limefumbwa, picha aliyoituma mwenyewe kwenye kundi la kwaya siku alipovunja kisahani chake cha kwanza. Juu yake kulikuwa na maandishi mekundu: DADA ELVIRE YUKO TAYARI KWA MWIZI. JE, WEWE? Chini, kwa Kiingereza safi ili Wakenya na Wakongo wa Liverpool, kitongoji cha jirani, nao wasikose, ilielezwa kwamba dada huyu amekata bima ya kujilinda kwa silaha. Tangazo likatoka kundi la kwaya, likaingia kundi la akina mama, likaenda kundi la mazishi, na kutoka hapo likaruka ua hadi mahali ambapo mtu mmoja, hakujulikana nani, aliona ni wajibu wake kulipeleka polisi. Tusimlaumu. Alifanya alichopaswa, jambo ambalo katika habari hii nzima wachache walilifanya.

Walikuja wawili, mchana, mwanamume na mwanamke. Elvire alikuwa jikoni anapika isombe, nyumba nzima inanukia majani ya muhogo na mawese. Alipowaona mlangoni na sare zao, miguu ilikumbuka kabla ya kichwa. Ilitaka kwenda. Akaishika meza mpaka miguu ikatulia.

Yule polisi wa kike alimwonyesha picha kwenye simu. "Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umekata bima hii?"

"Hapana. Nilipiga simu, nikakataa."

"Mbona inasema umekata?"

Elvire alitafuta namna ya kueleza kwa Kiingereza Lazare ni mtu gani, akakosa. Hakuna lugha inayomtosha. "Ni shemasi wetu," alisema hatimaye. "Anauza vitu."

Wakaenda gerejini. Mlango ukakwama kama alivyokuwa amewaahidi Wamarekani. Sefu ilikuwa imefungwa, kasha la risasi limefungwa, kila ufunguo mahali pake. Yule wa kiume alivuta sefu kwa nguvu kujaribu bolti. Ukuta ulilalamika, sefu haikusogea. Wakarudi jikoni. Yule wa kike akakaa, akamuuliza kwa upole, lakini kwa upole wa mtu anayeandika:

"Mtu akiingia humu ndani, Elvire, utafanya nini?"

"Nitatoka kwa mlango wa nyuma."

"Hutachukua bunduki?"

"Dada," alisema Elvire, akisahau kwamba pale watu hawaitani hivyo, "mimi nilikimbia kutoka Makamba hadi Tanzania sina viatu. Kufika kwa jirani hakutanishinda."

Yule wa kike aliacha kuandika. Kisha akaandika. Akamwambia kwamba anamwamini, ila hadi uchunguzi uishe leseni itasimamishwa na bunduki itaondoka nao, hana namna. Elvire akawafungulia sefu mwenyewe. Wakaitoa, wakaikagua, wakaifunga kwenye mfuko, wakamwandikia risiti.

Alisimama barazani akiwatazama wakiipakia garini. Alitarajia kulia. Badala yake kicheko kilimpanda kutoka tumboni, akashindwa kukizuia, hadi Ineza akatoka chumbani kuuliza kama yuko sawa. Maisha yake yote watu wenye sare walikuwa wakija na bunduki wanaondoka na vitu. Hawa wameondoka na bunduki, na wameacha risiti. Alijaribu kumweleza mtoto. Mtoto akamkumbatia na kusema, kwa Kiingereza, kwamba isombe inaungua.

Kesho yake alikwenda kwa Lazare. Hakupiga kelele, jambo lililomtisha shemasi zaidi. Alimwambia tu kwamba wanakwenda wote kituoni, naye ataeleza kwamba tangazo ni lake na kwamba mteja wake wa kwanza hakuwahi kuwa mteja.

"Polisi?" Lazare alikaa chini. "Mama Ineza, subiri. Mimi ninayo asiransi ile. Nilikata ili niwe mfano. Ngoja niwaulize wanipe avoka wa kunisindikiza."

"Wewe una bunduki?"

"Sina."

"Sasa ulikata ya nini?"

"Punguzo la mawakala," alisema Lazare kwa huzuni.

Akawapigia. Akapokewa na sauti ileile ya asali. Akaeleza shida yake kwa kirefu, akaanza na sala kidogo. Yule mwanamke akamsikiliza, akabonyezabonyeza kompyuta yake, akamwambia mambo mawili kwa masikitiko makubwa: kwamba bima haihusiki na matangazo, na kwamba, sasa anaona hapa, bima hiyo haifanyi kazi nje ya Amerika. Haijawahi. Alimshukuru kwa uaminifu wake kwa kampuni na kumtakia siku njema.

Lazare aliiweka simu mezani polepole. Kwa mara ya kwanza tangu Elvire amjue, hakuwa na kitu cha kuuza.

"Nilimwambia kaka yako nitampa asilimia," alisema. "Balthazar ndiye aliyeniunganisha nao."

Elvire alimtazama, akamtazama tena. Kisha akachukua funguo za gari. "Twende."

Kituoni Campbelltown Lazare alitoa maelezo marefu kuliko polisi walivyohitaji. Alikiri tangazo, akakiri picha, akaendelea kukiri mashine za maji na chai ya ini ambazo hakuna aliyemuuliza. Ofisa aliyekuwa akiandika alimwomba mara kadhaa arudi kwenye mada. Walipotoka, shemasi alikuwa mwepesi kama mtu aliyebatizwa upya, na njia nzima ya kurudi Minto alikaa kimya, isipokuwa pale alipoomba radhi, naye aliomba vizuri, bila kutaja maandiko.

Usiku wa siku hiyo Elvire alimpigia Balthazar. Hatutaandika aliyomwambia. Inatosha kusema kofia haikuonekana tena kwenye simu kwa muda mrefu.

Wiki zikapita. Jumamosi aliendelea kumpeleka Patrick klabuni, akakaa kando na chupa ya chai, mikono mitupu, na akashangaa jinsi bega lake lilivyokitafuta kile kitako cha bunduki. Wazee wa klabu, ambao kwa miaka walikuwa wamemsalimia kwa kutikisa kidevu tu, sasa walikuja mmoja mmoja kumuuliza kesi imefikia wapi. Mmoja alimletea keki ya limau. Patrick alisema hajawahi kumwona mtu huyo akimpa mtu kitu chochote, hata nafasi ya kuegesha gari.

Kisha ikaja simu: uchunguzi umekwisha, leseni imerudishwa, aje achukue mali yake. Pamoja nayo alipewa onyo la mdomo kwamba aangalie picha zake anamtumia nani. Elvire akaahidi. Jioni hiyo akajitoa kwenye kundi la kwaya, la akina mama na la mazishi, akabakia kwenye la ratiba ya usafi wa kanisa, ambako hakuna anayeandika.

Jumamosi yake ya kwanza alikosa visahani vyote vya mwanzo. Mkono ulikuwa umelala. Patrick, kwenye kiti chake cha magurudumu, hakumhurumia hata kidogo.

"Unalenga kama mtu mwenye mawazo."

"Nina mawazo."

"Yaache garini."

Akavuta pumzi, akaita, mashine ikarusha. Kisahani kilipanda juu ya miti, cheusi dhidi ya anga, akakifuata kwa mtutu bila haraka, akafyatua. Kikapasuka, vumbi likatawanyika na upepo. Wazee wakapiga makofi yao ya adabu. Elvire akafungua bunduki, akatoa ganda, akaomba kingine.